Nyigu wa Bondeni

Daktari wa wadudu alikuwa na namna mbili za kusonya. Ya kwanza ilikuwa fupi, na aliitumia kwa vitu: mlango uliokwama, hadubini iliyoshika ukungu, umeme uliokatika kazi ikiwa imenoga. Ya pili ilikuwa ndefu. Ilianzia kwenye meno ya nyuma na kutoka polepole kama tairi linalopungua upepo. Hiyo alimtunzia mdogo wake wa kiume, ambaye kwa bahati mbaya yao wote wawili ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake.

Asubuhi hiyo mkurugenzi aliingia chumba cha baridi cha maabara bila kubisha, amevaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa kiasi cha mtu kujitazama na kuchana nywele.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Funga mlango, unaniingizia joto."

Akafunga, akajikunyata, akawa anazunguka kati ya vizimba vya neti akichungulia kama mtu aliyeletwa kuona nyumba ya kupanga. Daktari aliendelea kunyonya nyigu mmoja mmoja kwa mrija wake mwembamba na kuwahamishia kizimba kingine. Walikuwa nyigu wadogo kuliko sisimizi, wasioweza kumuuma hata mtoto. Kazi yao duniani ni moja: jike humtafuta kiwavi anayetoboa kabichi, humchoma na kumwachia yai tumboni, na funza anayeanguliwa humla kiwavi kutokea ndani, kama mpangaji anayemaliza nyumba ya mwenyewe. Kuna aina inayopenda joto, na hiyo imejaa bondeni, pale ilipo maabara. Milimani wako binamu zao wanaopenda baridi. Hao wa milimani ndio daktari alikuwa akiwazalisha, na walikuwa bado kiganja tu.

"Alhamisi ijayo," mkurugenzi alisema, "tunakwenda kuwaachia nyigu mashambani kule juu. Mgeni rasmi amekubali."

"Hawa hawajatosha. Nilikwambia mpaka baridi iishe."

"Sasa si kuna wale wa chumba cha pili? Wamejaa tele, wanapanda hadi kwenye taa."

Daktari akatoa mrija mdomoni. "Wale ni wa bondeni."

"Nyigu si nyigu, dada?"

Ndipo alipotoa ule msonyo mrefu. "Wewe mwaka jana ulikwenda huko juu kwenye semina ya siku mbili. Ulilala na koti na soksi, ukarudi na kikohozi mpaka wifi akahamia chumba cha wageni. Na wewe una damu ya moto, una blanketi, una mtu wa kukuchemshia maji ya kuoga. Huyu mdudu ana nini? Hana hata soksi. Baridi ya nje ndiyo baridi yake ya ndani. Ukimpeleka kule msimu huu atakaa kwenye jani kama punje ya pilipili manga mpaka afe."

"Mgeni rasmi ana nafasi Alhamisi tu."

"Basi mpeleke mgeni rasmi akawale viwavi mwenyewe."

Mkurugenzi alicheka kidogo, kile kicheko chake cha mikutanoni, akatoka. Mlango aliuacha wazi.

Ukitaka kujua chuki hii ya dada kwa mdogo wake ilianzia wapi, si lazima uchimbe sana. Mama yao alifariki mapema, na dada ndiye aliyempikia, akamfulia, akamfanyia hesabu za shule mpaka mtoto akaona hesabu ni kitu kinachofanywa na watu wengine. Alipokua akawa fundi wa kushika mikono. Hakuwahi kusoma taarifa hadi mwisho, lakini alijua mke wa kila mkubwa anaumwa nini. Kiti cha ukurugenzi kilipobaki wazi, wote wawili waliomba. Dada alikwenda kwenye usaili akiwa na uhakika wa mtu anayekwenda kuchukua mwavuli wake aliousahau mahali. Kiti akapewa mdogo. Katibu muhtasi ndiye aliyemnong'oneza sababu: wazee wa bodi walisema huyu mama ni mtaalamu hakuna mfano, ila hakai na watu.

Tangu siku hiyo alimwita "Mkurugenzi" hata nyumbani kwenye meza ya chakula, na alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa.

Alhamisi ikafika. Kule juu ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya kabichi, na turubai la sherehe lilikuwa likidondosha maji pembeni. Wakulima walikaa kwenye viti vya plastiki wamejifunika hadi masikioni. Daktari alikuja kwa sababu alilazimishwa; alikaa safu ya nyuma akiwa amekumbatia mkoba wake, akihesabu upuuzi. Mkurugenzi alihutubia. Mshereheshaji alihutubia kuhusu hotuba ya mkurugenzi. Kisha mgeni rasmi, mtu mnene mwenye skafu, akasimama kando ya tuta la kwanza la kabichi, akapewa chupa ya kioo yenye mfuniko wa neti, akaifungua juujuu ili kamera zione.

Hakikutoka kitu.

Mgeni rasmi akaigonga chupa kwa kidole. Nyigu walikuwa wamejikusanya chini kama masizi. Akaitikisa, kwanza kwa heshima, halafu kama mtu anayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi. Mshereheshaji, ambaye alikuwa mbali na hakuona vizuri, akapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Na sasa wanarukaaa!" Watu wakapiga makofi, wakainua nyuso juu kuutazama ukungu. Mzee mmoja akaonyesha kidole angani na kusema amewaona.

Daktari akacheka.

Hakikuwa kicheko cha chinichini. Kilimtoka kikubwa, cha mtu aliyekizuia mwaka mzima, na makofi yakafa moja baada ya jingine mpaka akabaki anacheka peke yake. Mgeni rasmi akaikung'uta chupa juu ya majani, akafuta mkono kwenye skafu, akarudi kukaa. Wasaidizi wakazimwaga chupa zilizobaki haraka haraka kando ya uzio na kwenye matuta ya mwisho, kama watu wanaotupa maji machafu.

Mkulima mmoja, mwanamume mrefu aliyekuwa mwenyekiti wa wenzake, akamfuata daktari pale nyuma. "Mama, wewe ndiye mtaalamu. Hawa wadudu wamekufa?"

"Wamekufa."

"Wote?"

"Hata kama yupo mzima, leo usiku hamalizi. Mmeitwa mazishini mkaambiwa ni harusi. Nendeni nyumbani, mtapata mafua."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Maneno yakapita kiti hadi kiti, na kabla chai haijagawiwa turubai lilikuwa limebaki na wageni watupu.

Safari ya kurudi bondeni ni ndefu. Mkurugenzi alikuwa anaendesha mwenyewe. Walipofika mahali joto linapoanza kuingia garini, akavua koti kwa mkono mmoja.

"Ulishindwa nini kunyamaza?"

"Nilinyamaza. Hotuba nzima nilinyamaza. Wadudu ndio waliosema."

"Yule mkulima alikuuliza swali, ukamjibu kwa kejeli."

"Nilimjibu ukweli. Wewe ungempaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Dada, unajua kwa nini kile kiti walinipa mimi?"

Hawakuwa wamewahi kulizungumza jambo hilo. Daktari akageukia dirishani. "Kwa sababu unajua kupiga makofi."

"Kwa sababu mimi nikiongea na mtu leo, kesho anarudi."

Daktari akasonya, ule mrefu, lakini safari hii ulikatikia njiani.

Baridi ilichukua muda wake. Mkurugenzi akapata onyo la maandishi kutoka kwa wakubwa wake, akawa mpole, akaacha kupitapita maabara. Daktari aliwazalisha nyigu wake wa milimani hadi vizimba vikafurika, na jua liliporudi aliwafunga kwenye masanduku yenye pamba iliyochovywa asali, akapanda kwenda huko juu. Hakutaka turubai wala mshereheshaji. Alitaka kuwaonyesha jinsi kazi inavyofanywa.

Alipofika akaingia shamba la kwanza, akainama, akageuza jani. Akageuza la pili. Akaenda shamba la pili na la tatu, na kila alipokwenda uso wake ulizidi kukunjamana. Viwavi walikuwepo, tena wanono. Lakini kitu kingine chochote chenye miguu hakikuwepo: hakuna buibui, hakuna vunjajungu, hakuna wale wadudu wekundu wenye madoa. Udongo wenyewe ulikuwa kimya. Na hewa ilikuwa na harufu anayoijua.

Alimkuta mwenyekiti wa wakulima akifunga magunia.

"Mmepuliza nini humu?"

"Sumu ile kali. Ya chupa nyekundu."

"Mara ngapi?"

"Kila viwavi walipotuzidi nguvu. Baridi nzima."

"Hongereni. Mmeua polisi wote mkaacha wezi. Hawa viwavi wameshaizoea hiyo sumu, wanaioga. Nyinyi watu mna vichwa au mna kabichi hapo juu ya shingo?"

Mwenyekiti alifunga fundo la gunia kwanza, akalivuta likakaza, ndipo akainuka. Hakuwa amekasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama, sisi tuliambiwa tusubiri wale wadudu, tusipulize. Mkurugenzi alisema hivyo kwenye hotuba, tukamsikia. Halafu nikaja kwako kukuuliza, ukaniambia wamekufa wote. Sasa tungemsubiri nani? Maiti?"

Daktari alikuwa na jibu. Kwa kweli alikuwa na majibu matatu, na kila moja lilikuwa na makali. Alifungua mdomo, akaona kwamba hakuna hata moja linaloanzia mahali pale mtu huyu alipoishia. Akachukua masanduku yake akaondoka.

Njaa ikamfikisha kwenye duka la mikate, kijumba cha matofali kilichokuwa kando ya uzio wa yale mashamba ya sherehe. Mwokaji alikuwa mama mpana mwenye unga hadi kwenye viwiko, na alikuwa na tabia ya kuongea na mteja kama wanaendeleza mazungumzo ya jana.

"Umechoka wewe. Kaa. Andazi au mkate?"

"Chochote chenye moto."

"Moto ndio usiseme, tanuri langu halizimwi. Ukuta wa nyuma huko unaweza kukaushia nguo usiku. Na wewe ni yule daktari aliyecheka, eti?"

Daktari akatafuna andazi.

"Mimi sikuja siku ile, unga ulikuwa umeshaumuka. Waliniambia tu kwamba kulikuwa na kituko. Hebu nikuulize, kwa kuwa unajua vidudu. Nina kabichi zangu chache hapo nyuma ya tanuri. Zimeota chawa."

"Kabichi haioti chawa."

"Basi mayai ya chawa. Vijipamba vyeupe vimeganda kwenye majani. Ningepuliza sumu kama wenzangu, lakini dirisha la unga liko hapo hapo, siwezi kulisha watu sumu. Nenda kaangalie, mlango uko wazi."

Daktari alikwenda akiwa na andazi mkononi, kwa dharau tu, ili arudi kumwambia mwanamke huyu kwamba ni ukungu.

Nyuma ya ukuta wa tanuri kulikuwa na matuta machache yanayoshuka hadi kwenye uzio. Ukuta ulikuwa wa moto kweli; ukisimama karibu ungedhani uko bondeni. Akainama, akageuza jani, na andazi likamtoka mkononi.

Vilikuwa vifukofuko. Vyeupe, vidogo kama punje za mchele, vimeshikana na jani kando ya ngozi kavu za viwavi. Nyigu wa milimani hafumi hivyo. Chake ni cha kahawia na hukificha. Cheupe hufumwa na nyigu mmoja tu, na huyo ni wa bondeni. Wale waliotupwa kando ya uzio kama maji machafu walikuwa wametambaa hadi kwenye joto la ukuta, wakaishi, wakazaa, na watoto wao wakazaa.

Alijiambia: sawa, ni ukuta. Ni bahati ya mpumbavu, tanuri limemwokoa. Akapiga magoti akaanza kushuka tuta kwa tuta kuelekea kwenye uzio, mbali na ukuta, mahali ambapo umande ulikuwa bado haujakauka na vidole vyake vilikuwa vinakufa ganzi. Huko chini kabisa alitarajia kukuta viwavi watupu. Akakuta vifukofuko vyeupe. Na juu ya jani moja, kwenye baridi ile ambayo ingewagandisha nyigu wote wa chumba chake cha pili, jike mmoja alikuwa anatembea, anapapasa kwa vipapasio vyake, anafanya kazi.

Daktari akamvuta kwa mrija, akamweka kwenye kichupa, akamtazama kwa kioo cha mkononi. Miguu ya nyigu wa bondeni ni ya manjano, na tumbo lake lina mkanda mwepesi. Huyu miguu ilikuwa imeiva rangi ya kahawa na mkanda ulikuwa umemezwa na weusi. Mdudu anayekulia kwenye baridi hukua polepole na mara nyingi hutoka mweusi zaidi, kwa sababu weusi hunasa jua upesi asubuhi. Hilo si jambo geni. Daktari alikuwa amelifundisha kwa miaka. Alikuwa amewafelisha wanafunzi waliolisahau. Na siku ile, akiwa safu ya nyuma amekumbatia mkoba, halikumjia hata kidogo. Aliona chupa iliyoshikwa na wajinga, akamhukumu na aliyemo ndani.

Akafikiria yale mashamba mengine upande wa pili wa uzio. Chupa ngapi zilimwagwa kule, na wangapi waliokuwa wamejikunja chini ya majani wakisubiri jua, sumu ikawakuta. Aliketi kwenye udongo wenye unyevu akiwa na sketi yake nzuri, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu aliyemdharau hakuwa mwingine ila yeye mwenyewe.

Alimpigia mdogo wake.

"Wadudu wako wako hai," alisema bila salamu.

Alijiandaa kwa shangwe, kwa kile kicheko cha mikutanoni, kwa "si nilikwambia." Hakikuja.

"Wapi?"

Akamweleza: tanuri, uzio, rangi ya miguu. Akamweleza na sumu. Alipofika kwenye maneno ya mwenyekiti aliyaruka, halafu akarudi akayasema yote.

"Nani mwingine anajua?" mkurugenzi aliuliza.

"Hakuna. Njoo uwaambie wakulima waache kupuliza. Wewe ndiye unayejua kuongea nao."

"Mimi nilishawaambia. Wewe ndiye uliyewaambia wamekufa."

"Mkurugenzi..."

"Dada. Mimi nilikosea tarehe, na onyo nimelila. Nikija mimi watasema ni siasa zangu zilezile. Waambie wewe."

Akakata simu. Hakuwahi kumkatia simu maishani.

Jioni jua likiwa bado lipo, mwokaji aliwaita watu uani kwake kwa njia yake, yaani aliwaambia wateja kwamba hauzi mkate mpaka wamsikilize mgeni. Walikuja wamenuna, mwenyekiti akiwa mbele. Daktari alisimama kando ya matuta. Aliwaonyesha vifukofuko, akawaeleza kinachotokea ndani ya kiwavi, akawaambia ameleta na nyigu wa milimani wa kusaidiana nao, lakini wote watakufa kama sumu itaendelea. Aliongea kama anawasomea watu kosa lao.

"Subiri kwanza," mwenyekiti alisema. "Hawa ndio wale wa siku ile?"

"Watoto wa wajukuu wao."

"Ulisema wamekufa."

"Sikuwa na..." Akasimama. "Hali ya hewa ilikuwa..."

"Kwa hiyo ulikosea?"

"Nimeshaeleza."

"Umeeleza wadudu. Hujaeleza hilo."

Mwokaji aliacha kupangusa meza. Daktari alimtazama yule mwanamume mrefu mwenye udongo kwenye kucha, akatafuta ndani yake ile dharau iliyombeba maisha yote, akaikuta ipo, nzima kabisa, haina kazi ya kufanya.

"Nilikosea," alisema. "Niliwadanganya bila kujua, tena nikawacheka."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja aliuliza itachukua muda gani mpaka viwavi wapungue. Akamjibu kwamba huku juu kila kitu huchelewa, mdudu mbaya na mzuri, kwa hiyo wavumilie. Wengine walisema watajaribu. Wengine waliguna. Mwenyekiti alisema atalitafakari usiku, akachukua mkate wake akaenda.

Daktari alipanga chumba kwa mwokaji, upande wa ukuta wa moto. Asubuhi iliyofuata alikuwa anaachia nyigu wa kwanza kwenye matuta aliposikia mngurumo kutoka mlima wa pili, sauti ya pampu ya mgongoni. Kuna mtu alikuwa anapuliza. Alimwona hata kwa mbali, kofia nyeupe ikienda na kurudi katikati ya kabichi, amevuta shati kufunika pua kana kwamba shati litamsaidia.

Tusi la kwanza likamjia. Akalimeza. Akafunga sanduku, akafunga kamba za viatu, akaanza kupanda njia ya kwenda kule, akitafuta namna ya kuanza. Punguani, akawaza; hapana. Kichwa maji wewe, hapana. Njia ilikuwa na utelezi na pumzi ilikuwa inambana, na kila hatua kadhaa lilimjia neno jingine zuri, kali, linalofaa kabisa, naye akaliacha pale njiani akaendelea kupanda.

Alipofika kwenye uzio yule mtu alikuwa amemgeuzia mgongo. Daktari akavuta pumzi, akapaza sauti juu ya mngurumo.

"Hodi ndugu yangu! Habari za kazi?"